Alama za Milimani Kwetu: Tuwape Watoto Kabla Hazijapotea

Mwezi huu ukurasa huu wameniachia mimi, mwalimu wa kujitolea wa darasa la sita, na nimeamua tuongee habari ya alama. Si alama za mtihani, hizo tutaziona mwisho wa muhula. Naongelea alama za mahali: jiwe, mti, chemchemi, kaburi, mnara. Vitu ambavyo mtu akiviona anajua hapa ni kwa nani, na hapa palitokea nini.

Mimi natoka milimani, upande wa Bururi, kusini mwa Burundi. Siku hizi Bururi si mkoa tena. Tangu mwaka 2025 nchi imegawanywa mikoa mitano badala ya kumi na minane, na sisi tumeingia mkoa wa Burunga pamoja na Makamba, Rutana na Rumonge. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa hapa kambini, hata jina la mkoa aliloandikiwa kwenye karatasi za wazazi wake limeshabadilika. Lakini kilima hakijabadilika. Kilima kipo palepale.

Kwa ndugu zetu ambao hawajui: kwetu Burundi, nyumba za mashambani hazikujipanga pamoja kama kijiji cha Tanzania. Kila familia inakaa kwenye rugo lake, katikati ya migomba na mashamba yake, na jirani yuko ng'ambo kidogo. Kinachotuunganisha ni kilima, umusozi. Ukimuuliza Mrundi kwenu ni wapi, atakutajia kilima. Ukiendelea kumuuliza kwenye kilima hicho ni sehemu gani, hapo ndipo anaanza kutaja alama: chini ya umuvumu mkubwa, juu ya chemchemi, karibu na jiwe la fulani. Hatuna namba za nyumba. Anwani yetu ni hizo alama.

Piramidi ndogo ya Rutovu

Alama ya kwanza ambayo mimi niliifahamu kwa kuipeleka miguu ni ile ya Rutovu. Nilikuwa darasa la tano. Walimu walitupeleka tukiwa na viazi vitamu vya kuchemsha kwenye mifuko, tukipanda na kushuka vilima tangu asubuhi. Tulikuwa tumeambiwa tutaona piramidi. Sisi kwenye vitabu tulishaona piramidi za Misri na ngamia wamesimama mbele yake, basi kila mtu kichwani alikuwa na picha ya jengo linalogusa mawingu. Kufika pale juu, kumbe ni piramidi ndogo ya mawe, na upepo mkali, na nyasi. Mwenzangu mmoja akasema kwa sauti, "Ndiyo hii tu?" Mwalimu akacheka. Akatuambia tushuke tukaone maji.

Maji yenyewe nayo ni kidogo. Yanatoka ardhini taratibu, mtoto anaweza kuyakinga kwa viganja viwili. Ndipo mwalimu akatueleza. Hii ndiyo chemchemi ya mto Nile iliyo kusini kuliko zote. Mjerumani mmoja anaitwa Burkhart Waldecker aliifikia mwaka 1937 baada ya kuufuata mto kurudi nyuma, na mwaka 1938 ile piramidi ikajengwa juu ya kilima, kwa kukumbuka zile za Misri. Maji haya yanaingia mto Ruvyironza, Ruvyironza unaingia Ruvubu, Ruvubu unaipita nchi yetu kuelekea kaskazini-mashariki mpaka unaikuta Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo, hapo Tanzania na Rwanda zinapokutana. Kagera inamwaga maji Ziwa Victoria. Kutoka ziwani mto unatokea Jinja, unapita Uganda, Sudan Kusini, Sudan, mpaka Misri na bahari ya Mediterania. Safari ya zaidi ya kilomita 6,600. Yanaanzia kwenye viganja vya mtoto wa Rutovu.

Mwaka jana nikiwafundisha wanafunzi wangu jiografia, mmoja akasimama akasema, "Mwalimu, Nile ni ya Misri." Nikamwambia Nile inafika Misri, lakini haianzii Misri. Akaniangalia kama ninamdanganya. Ikabidi nichore mto mzima ubaoni, kutoka pembe ya chini mpaka pembe ya juu, chaki ikaisha. Waliposikia maji yanatoka kwetu, darasa likawa kelele tupu. Mtoto aliyezoea kuitwa mkimbizi alifurahi sana kusikia kwamba kwao kuna kitu ambacho nchi nyingine zinakihitaji.

Niseme pia ukweli ulivyo, maana mtoto akikua atasoma mwenyewe. Si sisi peke yetu tunaosema Nile inaanzia kwetu. Uganda wana mahali pao Jinja, ambapo Mwingereza Speke alifika mwaka 1862 akaona mto unatoka ziwani. Rwanda nao wana chemchemi yao katika msitu wa Nyungwe, na wasafiri waliopanda mto mwaka 2006 walisema ile ndiyo ya mbali zaidi. Kila mmoja anapima kwa namna yake. Mimi nawaambia watoto hivi: mto mkubwa hauna mama mmoja. Yetu ni ile ya kusini kabisa, hilo halitupunguzii kitu.

Kuna jambo moja zaidi la pale Rutovu ambalo nalipenda. Milima ya kwetu ni mgongo unaogawa maji. Mvua ikinyesha upande wa mashariki wa mgongo, inakwenda Nile. Ikinyesha upande wa magharibi, inateremka Ziwa Tanganyika, kutoka ziwani inatoka kwa mto Lukuga kuingia Lualaba, na Lualaba ndiyo mto Kongo, unaokwenda mpaka bahari ya Atlantiki. Mvua ni ileile, wingu ni lilelile, lakini tone moja linakwenda Misri na jingine linapita Kongo. Nikiwaona Warundi na Wakongo wamepanga ndoo mstari mmoja kwenye bomba letu hapa, nalikumbuka somo hilo. Tumeteremka pande mbili tofauti, tumekutana kwenye bomba moja.

Jiwe la Mugere na mwembe wa Ujiji

Alama ya pili inawahusu hata wenyeji wetu wa Kigoma. Kusini kidogo ya Bujumbura, mahali panaitwa Mugere, juu ya mteremko unaotazama Ziwa Tanganyika, kuna jiwe kubwa lenye majina mawili: Livingstone na Stanley, pamoja na tarehe 25 Novemba 1871. Warundi wengi wanaamini hapo ndipo wale wazungu wawili walipokutana mara ya kwanza. Si hivyo. Walikutana Ujiji, hapahapa Kigoma, tarehe 10 Novemba 1871, na pale Ujiji pia kuna mnara na jumba la makumbusho, na miembe. Mugere walifika baadaye kwa mtumbwi, wakalala siku mbili.

Walikwenda kule kutafuta nini? Walitaka kujua kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Kama ungekuwa unatoka, basi labda Tanganyika ndiyo ingekuwa chanzo cha Nile. Wakakuta Rusizi unaingia. Basi wakageuza. Ukifikiria vizuri inachekesha kidogo: walikuwa wanautafuta mwanzo wa Nile wakiwa wamesimama chini ya milima yetu, na ng'ambo ya milima hiyohiyo maji ya Nile yalikuwa yanatiririka kimya kimya. Wakulima wa kule walikuwa wanayachota kila asubuhi. Hakuna aliyewauliza.

Jiwe la Mugere linanifundisha kitu kuhusu alama zenye maandishi. Limeandikwa majina ya wageni. Halikuandikwa jina la aliyepiga kasia, wala la mwenyeji aliyewapa chakula usiku ule. Hata Waafrika tunaowajua kwa majina, Susi na Chuma, ambao Livingstone alipokufa mwaka 1873 waliubeba mwili wake pamoja na wenzao kutoka bara mpaka pwani, majina yao hayapo kwenye jiwe lile. Sisemi jiwe ling'olewe. Nasema mtoto akiliona, amuulize mzazi wake: na sisi wakati huo tulikuwa wapi? Jibu lake haliko kwenye jiwe. Liko kwa wazee.

Alama zisizo na kibao

Wazee wetu hawakuandika juu ya mawe. Walipanda miti na walitunza ngoma. Ukienda Muramvya na milima ya kaskazini yake, upande wa Kayanza, kuna vilima ambako wafalme wetu, abami, walizikwa. Hutaona makaburi ya saruji. Utaona miti mikubwa ya zamani imesimama pamoja, haikukatwa, na watu wa jirani wanajua kwa nini haikukatwa. Mwaka 2007 Burundi iliyapeleka maeneo hayo UNESCO yawekwe kwenye orodha ya mahali panapopendekezwa kuwa urithi wa dunia. Jamani, kikundi cha miti tu! Lakini ndani yake kuna historia ya ufalme mzima.

Karibu na Gitega kuna Gishora, mahali pa ngoma, tangu enzi za Mwami Mwezi Gisabo. Ngoma zetu zinachongwa kwenye mti unaoitwa umuvugangoma, maana yake mti unaoifanya ngoma iseme. Watanzania wanauita mringaringa. Mwaka 2014 ngoma za kifalme za Burundi ziliingia kwenye orodha ya UNESCO. Zamani ngoma hazikupigwa ovyo. Zilipigwa kwa mambo makubwa, hasa umuganuro, sikukuu ya kupanda mtama, pale Mwami alipofungua mwaka wa kilimo. Ukiwaona vijana wetu hapa kambini wanapiga ngoma siku ya wakimbizi tarehe 20 Juni, wameibeba ngoma kichwani wanaingia uwanjani, ujue unaona alama inayotembea. Jiwe la Mugere huwezi kulibeba. Ngoma ilivuka mpaka.

Na kuna Kiganda. Hapo ndipo Mwezi Gisabo alipokubali mkataba na Wajerumani, tarehe 6 Juni 1903, baada ya kupigana nao miaka mingi. Babu zetu walisema juu ya mwaka ule kwa uchungu. Kutoka hapo nchi haikuwa yetu tena mpaka mwaka 1962.

Wanaotoka Rutana wao watanikumbusha Nyakazu, ule mpasuko mkubwa wa mlima unaoitwa mpasuko wa Wajerumani. Kutoka juu unaiona tambarare ya Kumoso yote, na mwisho wa Kumoso ni Tanzania. Wengi waliopita njia hiyo kukimbia waliugeukia mlima ule mara ya mwisho. Mama mmoja wa kijiji chetu hapa kambini aliniambia, "Mwalimu, niliendelea kuuona siku nzima. Nilipoacha kuuona ndipo nikajua kweli nimeondoka."

Alama za uchungu

Sasa nifike mahali ambapo wazazi wengi hawapendi tufike. Nimefikiria kama niandike au niache. Nimeona niandike, maana watoto wanasikia usiku tunavyonong'ona, na kunong'ona kunawatisha kuliko kusema.

Karibu na mji wa Bururi kuna seminari ndogo ya Buta. Asubuhi ya tarehe 30 Aprili 1997 watu wenye silaha waliingia bwenini, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, kabila hili huku na kabila lile kule. Wanafunzi wakakataa kutengana. Walishikana. Arobaini waliuawa. Wamezikwa pamoja, safu kwa safu, na mahali pale leo watu wanakwenda kusali. Walikuwa na umri wa wanafunzi wa sekondari, yaani wadogo kuliko mimi leo.

Kibimba, upande wa Gitega, kuna mnara wa wanafunzi na watu wengine waliochomwa moto Oktoba 1993, siku zilezile Rais Ndadaye alipouawa. Na kando ya Ruvubu, huko Karusi, mwaka 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua makaburi ya pamoja ya watu waliouawa mwaka 1972, ikatangaza mabaki ya watu zaidi ya 6,000. Miaka karibu hamsini walikuwa wamelala pale bila jiwe, bila msalaba, bila jina. Ruvubu ni ule mto niliowachorea watoto ubaoni. Ndugu zetu Wakongo nao wana Kasika, Agosti 1998, na Makobola, mwisho wa mwaka huo na siku za kwanza za 1999.

Nimeshawahi kuulizwa darasani, "Mwalimu, wale wa Buta walikuwa kabila gani?" Nikajibu, "Ndilo swali waliloulizwa wao, na walikataa kulijibu." Darasa likanyamaza. Sikuongeza kitu. Nafikiri hapo mtoto anaweza kujifunza jambo bila kupewa mtu wa kumchukia. Alama ya uchungu ni kama kovu. Ukimwonyesha mtoto kovu lako na kumweleza lilivyokuja, anakuwa mwangalifu. Ukimfundisha kulikwaruza kila siku, linakuwa kidonda upya.

Mzee, daftari na jiwe

Yote hayo ni alama kubwa, zile za nchi. Lakini kilichonifanya nichukue kalamu ni alama ndogo.

Katika zoni yetu kuna mzee mmoja wa milimani kama mimi. Hii ni mara yake ya pili kukimbilia Tanzania. Mara ya kwanza alikuwa kijana. Macho yake sasa yamepungua nguvu, na kati ya watoto wake hakubaki mwenye kujua shamba vizuri. Anaishi na binti yake, ambaye aliondoka kilimani akiwa mdogo, na mjukuu wake wa kike, ambaye alikuwa mwanafunzi wangu. Mwaka juzi binti aliamua kujiandikisha kurudi na mtoto. Mzee akasema yeye hawezi safari kwanza, atangulie binti aone hali. Usiku ule akamtuma mjukuu aniite.

Nikamkuta amekaa mlangoni. Akaniambia, "Mwalimu, mwanangu, chukua daftari. Nataka kuandikisha shamba langu kabla halijanitoka kichwani."

Tukaandika jioni tatu. Jioni ya kwanza alianza na umuvumu. Alisema mpaka wake wa juu unaanzia kwenye umuvumu alioupanda baba yake, unateremka kwa ua wa minyaa, unafika kisimani. Nikaandika. Jirani mmoja, mama aliyefika kambini baada yetu na anakijua kilima kile, alikuwa anasikiliza akimenya maharage. Akasema polepole, "Babu, samahani. Umuvumu ule walishaukata. Nilikuta kisiki."

Mzee akanyamaza muda mrefu. Nikadhani tumemaliza. Halafu akauliza, "Na minyaa?" Mama akasema minyaa ilikuwepo lakini ilikuwa imesogezwa. Sote tukaelewa maana ya kusogezwa. Ua wa mnyaa ukikata tawi ukalichomeka hatua ishirini mbele, linaota. Baada ya miaka michache hakuna atakayejua kwamba halikuwa pale.

Jioni ya pili mzee akanipokea na maneno mengine. "Futa miti," akasema. "Mti una shoka. Andika vitu visivyo na shoka." Ndipo akaanza kunitajia jiwe lenye mabonde mawili juu yake ambapo wanawake walikuwa wanasaga mtama. Kijito na mahali kinapokata kona kuelekea bondeni. Mwamba ambao jua la asubuhi linaupiga kwanza. Hatua ngapi kutoka jiweni mpaka kijitoni, hatua za mtu mzima anayeteremka. Kaburi la mama yake na upande ambao kichwa chake kimeelekea. Jioni ya tatu akataja watu: nani alikuwa jirani juu, nani chini, nani alikuwa mushingantahe wa kilima aliyesimama siku mpaka ulipowekwa, na kati ya hao nani ana watoto waliobaki.

Nilimwachia mistari yote ya umuvumu, sikuifuta. Niliandika pembeni: umekatwa, kisiki kilionekana. Kisiki nacho ni alama.

Mjukuu akaondoka na daftari lile ndani ya begi la shule. Basi la msafara lilipopita, mzee aliinua mkono kwa upande usio wenyewe, maana haoni vizuri, na sisi tukamgeuza.

Miezi michache baadaye walipiga simu. Jiwe la kusagia lipo. Kijito kipo. Juu ya shamba kuna familia nyingine inalima, na wao pia wanasema walipewa na mtu, tena hawakuwa na pa kwenda. Wazee wa kilima waliitwa. Wakapima hatua kutoka jiweni mpaka kijitoni kwa kufuata daftari. Kesi haijaisha. Wamewapa sehemu ya chini walime wakati inaendelea. Mjukuu alisema kwenye simu, "Babu, jiwe lina mabonde mawili kama ulivyosema." Mzee akauliza jambo moja tu, kama yamejaa maji ya mvua. Mtoto akasema ndiyo.

Daftari si hati ya ardhi, nisiwadanganye. Burundi ina sheria ya ardhi ya mwaka 2011 inayoruhusu kupewa cheti cha ardhi ya mila kwenye tarafa, na hiyo ndiyo karatasi ya kutafuta mtu akifika. Tume ya ardhi iliyoundwa mwaka 2006 kwa ajili ya mashamba ya waliokimbia ilimaliza muda wake mwaka 2022. Lakini iwe mahakamani, iwe mbele ya wazee wa kilima, swali la kwanza ni lilelile: una ushahidi gani kwamba unapajua hapa? Na mtoto aliyezaliwa kambini atajibu nini kama hatukumwambia kitu?

Ombi langu kwa wazazi

Ndugu wazazi, muhula uliopita niliwaambia wanafunzi wachore kwao. Zaidi ya nusu walichora turubai, bomba, uwanja wa mpira na foleni ya mgao. Sikuwasahihisha. Hapa pia ni kwao, wamezaliwa hapa, na siku moja mtu atawauliza kambi ilikuwaje, watataja mti wa pale kwenye mgao na makaburi yetu kule nyuma. Hizo nazo ni alama, na waliolala kule ni wetu, tusiwaache bila majina. Lakini nilitamani nyuma ya turubai waweke hata mlima mmoja.

Kwa hiyo naomba kila familia itafute daftari moja. Hata la kurasa 32 linatosha. Andikeni haya:

Kwanza, jina la kilima, na majina yote ambayo tarafa na mkoa vimewahi kuitwa, la zamani na la sasa.

Pili, alama tatu zisizo na shoka: jiwe, mwamba, kijito, chemchemi. Na umbali wake kwa hatua.

Tatu, miti, hata kama mnahofia imekatwa. Andikeni nani aliupanda na mwaka gani mkikumbuka.

Nne, makaburi ya familia, jina la kila aliyelala pale.

Tano, majirani wa pande nne na watoto wao. Na kama kati ya hao kuna mtu mliyekosana naye, mwandikeni vilevile. Siku ya ushahidi, jirani mliyekosana naye akikubali kwamba jiwe lipo, wazee watamwamini kuliko rafiki.

Anayesema ni mkubwa, anayeandika ni mtoto. Hilo ni muhimu. Mkono ulioandika hausahau haraka. Kama nyumbani hakuna anayejua kuandika, leteni mzee shuleni Jumamosi asubuhi. Darasa la sita liko wazi na wanafunzi wangu wataandika kwa zamu, kwa Kirundi, kwa Kiswahili, kwa Kibembe kama yupo anayekijua, lugha yoyote ambayo mzee anakumbukia. Ndugu zetu wa Fizi, Uvira na Itombwe, nanyi mna milima yenu na nyie mnakaribishwa.

Njooni mapema, kabla ya foleni ya maji. Chaki nitatafuta, daftari mje nalo.